Vikombe Bila Alama

Mama yangu alikuwa na kikombe chake cha plastiki, cha rangi ya machungwa, na ubavuni mwake alikuwa amechora msalaba mdogo kwa ncha ya kisu. Waliofika nyumbani kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, walidhani ni ucha Mungu. Hata mimi nilidhani hivyo, maana nilikuwa mtoto na sikuwa na sababu ya kudhani vingine. Kumbe ule msalaba haukuhusu dini hata kidogo. Ulikuwa wa kutukumbusha kwamba kikombe kile ni chake, na mgeni asije akakigusa.

Nililijua hilo siku jirani yetu alipokuja kuomba maji ya kunywa. Alikuwa mama mshonaji wa kutoka Bukavu, mwanamke wa mjini, mwenye Kifaransa chake na cherehani ya mguu aliyoiweka barazani ili kila mpita njia aione. Sisi tulikuwa wageni pale, hata mwaka hatujamaliza. Jua lilikuwa lile la Oktoba, linalokausha mate mdomoni. Nikachota maji kwa kikombe kilichokuwa karibu, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Hakuwahi kumeza. Mama alitoka jikoni mbio, akakinyakua kikombe, maji yakammwagikia mgeni kifuani.

“Toa! Ile si ya mugeni!”

Jirani akabaki mdomo wazi. Mama naye alisimama amekikumbatia kikombe, na nikamwona anatafuta uongo wa kusema. Akaupata.

“Niko na kifua, mama. Usikunywe mu kikombe yangu, utagonjwa.”

“Aa, pole, mama. Pole sana. Mungu ataponyesha.”

Jioni haijafika, mtaa mzima ulishajua kwamba yule mama mgeni ana kifua. Kwenye foleni ya bomba watu walisogea pembeni tulipofika. Watoto wenzangu walikatazwa kula kwetu. Nililia kwa hasira, nikamwuliza mama kwa nini amejisingizia ugonjwa, maana hata kukohoa alikuwa hakohoi. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

“Acha baseme kifua,” alisema. “Kifua ni bugonjwa ya bantu bote. Ile ingine ni yetu peke yetu.”

Ndipo akanieleza, huku akiendelea kutoa mawe kwenye maharage. Kwetu, milimani juu ya Uvira, sisi tulikuwa wa ukoo wa wafinyanzi. Bibi alifinyanga, mama yake bibi alifinyanga, na mama mwenyewe alifinyanga mpaka siku tulipokimbia. Mlima mzima ulipika katika vyungu vyetu na kuhifadhi maji katika mitungi yetu. Lakini mfinyanzi akishikwa na kiu nyumbani kwa mtu, alipewa maji kwenye jani la mgomba, na akishakunywa jani linatupwa. Kula naye sahani moja, hapana. Kunywa baada yake, hapana. Wenyeji wa milima ile wanajua ninachosema, hata wakikana. Aliyeanzisha mambo hayo simjui. Ningemjua ningekuwa na maneno ya kumwambia.

Vita vilimchukua baba, vikachukua nyumba, vikachukua kaka zangu. Vilitupa kitu kimoja tu: mahali ambapo hakuna anayetujua. Dzaleka tulikuwa Wakongomani kama Wakongomani wengine, tunapanga foleni ya unga pamoja, tunaimba kwaya moja. Mama angeweza kunywa na mtu yeyote. Lakini alikuwa na hesabu zake. Akinywa na watu leo, kisha siku moja mtu wa mlima wetu ashuke kwenye lori amtambue, wale waliokunywa naye watajiona wametiwa uchafu kwa ujanja, na watatuchukia mara mbili. Basi akajitenga mwenyewe kabla hajatengwa. Roho iliniuma siku ile, na bado inaniuma.

Yeye aliacha udongo kabisa. Hata matofali hakufyatua, na pale kambini kila mtu alifyatua matofali. Hata wachungaji walikunja suruali wakakanyaga tope. Mama alisimama pembeni, mikono chini ya kitenge, watu wakamwita mvivu. Nilikuwa nafyatua mimi. Siku moja tofali langu moja lilibomoka kona, na mama, kabla hajajizuia, akainama, akachukua donge la tope, akaliviringisha kati ya viganja mpaka likawa kamba nyembamba, ndefu, sawasawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Dole gumba lake likaanza kuipinda ile kamba kuwa duara. Uso wake ulitulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu tuvuke ziwa. Halafu akashtuka, akalitupa, akafuta mikono kwenye majani, kidole kimoja kimoja.

Mimi nilisubiri aingie ndani, nikalitafuta lile duara. Nilikaa nalo mfukoni mpaka likakauka na kumeguka.

Miaka ilipita. Mama aliuza mkaa, mimi nikasoma mpaka shule ikaishia hapo ilipoishia. Uvumi wa kifua ulichakaa wenyewe, maana watu walichoka kumngoja akohoe, lakini kikombe cha machungwa kilibaki, na mgeni akija mama alimpa soda ya chupa au hakumpa kitu. Wakasema ni mchoyo. Mama mshonaji ndiye pekee aliyezoea kuingia bila kubisha, na hata yeye hakuwahi kupewa kikombe nyumbani mwetu; alikuja na chake mkononi, akacheka, akakaa.

Nilipokuwa msichana mkubwa, watu wa kanisa walinitafutia kazi ya kufagia katika karakana moja nje ya Lilongwe, upande wa barabara ya Mitundu. Nilipanga chumba mtaa wa Kauma. Sikuuliza karakana ya nini. Nilifika asubuhi ya kwanza, nikasukuma mlango, na harufu ya udongo mbichi ikanipiga usoni, nikalazimika kushika fremu. Walitengeneza sahani, mabakuli na vikombe vya hoteli na nyumba za wageni. Havikuwa kama vyungu vya kwetu, ambavyo huchomwa uwanjani kwa nyasi na kinyesi cha ng'ombe. Ule ulikuwa udongo uliochanganywa kwa makusudi na kuchomwa ndani ya tanuri la moto mkali, siku nzima, mpaka unageuka jiwe. Hata ukikwaruza kwa kisu, kisu ndicho kinachoacha chuma chake juu yake.

Saa ya chakula, wafanyakazi waliketi kuzunguka nsima, ugali wa kwao, na mboga katika sahani moja. Mimi nilitoa kibakuli changu, nikajisogeza ukutani. Hakuna aliyenifukuza, ni mazoea tu, nilijifunza kwa mtu niliyempenda. Wao waliona maringo. Walinong'ona kwamba mkimbizi huyu anajiona bibi wa ikulu. Kisha dada mmoja mnene, fundi wa kukanda udongo, alichoka na mambo yangu. Akaja, akanishika mkono kwa nguvu, akanivuta mpaka kwenye mduara.

“Bwera, tidye,” alisema. Njoo tule.

Nikatumbukiza mkono kwenye mboga yao. Wakaendelea kula na kupiga domo, hakuna aliyetazama vidole vyangu. Machozi yakanitoka, wakadhani ni pilipili, wakanicheka vizuri sana. Baadaye nilimwambia yule dada, kwa Kichewa changu cha shule ya kambini, kwamba mama yangu alikuwa mfinyanzi. Nilingoja uso wake ubadilike. Ulibadilika kweli, ukang'aa. Kwao, alisema, woumba mbiya, mfinyanzi wa mitungi, ni mwanamke wa kuheshimiwa, na bibi yake mwenyewe alikuwa mmoja. Akaniuliza kwa nini basi nashika ufagio.

Hivyo nikaanza kukanda, kisha nikakaa kwenye gurudumu. Sitasema nilijua mara moja. Niliharibu udongo mwingi sana. Gurudumu linazunguka, wewe unabana viwiko mbavuni, unasukuma donge likae katikati, na kama moyo wako haujakaa, nalo halikai. Vikombe vyangu vya kwanza vililala upande. Sahani zangu zilipasuka katikati wakati wa kukauka. Lakini mikono ilikuwa na kumbukumbu ambayo mimi sikuipata shuleni, na polepole nikawa mtu wa kutegemewa pale.

Mama nilimwambia nauza sahani dukani. Nilikuwa nakwenda Dzaleka kila nikipata nafasi, na kabla sijaondoka Kauma nilisugua mikono kwa brashi mpaka inawaka. Haikusaidia. Jumapili moja alinishika mkono ili anionyeshe picha ya mtu kwenye simu, akasita. Akaugeuza mkono, akatazama chini ya kucha, akaunusa.

“We iko nafinyanga,” alisema.

Nikauvuta mkono, hakuuachia.

“Nilikukimbiza na ile kazi njia yote hii, mwanangu. Njia yote. Sasa we njo unaifwata mwenyewe ku muji?”

Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia hizi si zile, mama, hizi ni sahani ambazo mabwana wakubwa wa Lilongwe wanalia nyama, wanazisifu, wanauliza nani katengeneza, na mimi naitwa niwasalimie, na wananipa mkono. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kwa huzuni.

“Chungu haikukuwaka na shida,” alisema. “Balipikaka mu chungu yetu, balikunywaka maji ya mu mutungi yetu, na balisifu. Shida ilikuwa mikono.”

Nilirudi Kauma nikiwa nimechoka kama niliyebeba mizigo, na katika kuchoka huko ndipo wazo liliponijia, na likakataa kutoka. Nitatengeneza vikombe dazeni moja vya mama yangu, na vyote vitafanana. Visiwe na cha mgeni wala cha mwenyeji. Na kwa kuwa udongo wa jiwe haukubali kisu, hataweza kuchora msalaba wake. Atalazimika kunywa na watu. Nilitaka, kabla hajafa, nimwone mama anakunywa chai na mtu mwingine, kutoka vyombo vya nyumba moja, bila hofu. Sikutaka kitu kingine katika kazi ile yote.

Mwenye karakana alinicheka. Watu wananunua kazi ya mkono, alisema, ili waone mkono. Wanaotaka vinavyofanana waende wakanunue vya kiwandani. Alikuwa na haki yake. Kufananisha vikombe kwa mkono ni kazi ya kichaa. Unapima donge kwenye mizani, unapima urefu kwa kijiti, na bado kimoja kinanenepa shingo. Ukishinda hapo, mkono wa kushikia unakauka vibaya unajipinda. Ukishinda hapo pia, unaingia kwenye tanuri, na tanuri lina upendeleo: kilichokaa karibu na moto kinatoka kahawia, kilichokaa nyuma kinatoka kijani. Nilichoma mara nyingi nikapata familia ya ndugu, lakini si mapacha. Vile visivyofanana niliwagawia wenzangu. Yule dada mnene alipata vingi kuliko kabati lake, akawa ananiuliza kila wiki kama mapacha wamezaliwa.

Wakazaliwa, baada ya muda mrefu. Vilikuwa na rangi ya majivu yenye kijani kidogo, kama majani ya mhogo yaliyokauka, na nilipovichanganya mezani mimi mwenyewe sikujua kipi nilikifinyanga mwanzo. Nilivifunga kwenye magazeti, nikavipeleka Dzaleka. Kutoka barabara kuu nilikodi kabaza, baiskeli ya abiria, nikapakata boksi, na kila baiskeli ilipopita kwenye shimo nilimgombeza mwendeshaji kana kwamba nimebeba mtoto mchanga.

Mama alivitoa kwenye magazeti. Alikigonga kimoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akagonga cha pili. Akavigonga vyote. Akakigeuza kimoja, akagusa kitako chake kwa ncha ya ulimi, pale ambapo hakuna rangi, akatikisa kichwa taratibu.

“Iko muzuri,” alisema. “Iko muzuri sana, mwanangu. Bibi yako angelia.”

Nilitaka dunia isimame hapo. Alivipanga vikombe juu ya meza, akavitazama, na nikaona wasiwasi unamwingia.

“Sasa yangu njo gani?”

“Hakuna yako, mama. Yote ni yako. Unakamata yoyote.”

“Na mugeni akifika?”

“Anakamata yoyote.”

Mama alikitoa kile cha machungwa chini ya meza, kilichofifia hata msalaba hauonekani vizuri, akakitazama, akakirudisha. Niliondoka nikiwa na matumaini, kwa sababu hakukataa.

Mara nyingine nilipokwenda, cha machungwa hakikuwepo. Mama mshonaji alikuwa amekaa kwetu, na mkononi alikuwa na kikombe changu, anakunywa chai ya mama yangu. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile hakuja na chake. Nikasema ndani ya nafsi yangu, imekuwa. Nikapiga hatua kuingia, nikamwona mama amekaa ng'ambo ya meza naye ana kikombe. Kwenye mkono wa kushikia wa kikombe chake kulikuwa na uzi wa buluu, umefungwa kwa fundo dogo, lile la watu wanaofunga vyungu kwa kamba.

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya jiko. Niliona aibu, niliona hasira, na sikujua namkasirikia nani. Hata kwenye jiwe alikuwa amepata pa kuweka alama. Sikumwambia neno lolote kuhusu ule uzi. Nilijiambia kuna muda, kwamba leo amempa mtu kikombe, kesho ataufungua uzi mwenyewe.

Haikuwa hivyo. Mama alikuwa na tension, kama tunavyoita shinikizo la damu, na msimu wa mvua uliofuata alianguka akiwa anasonga ugali. Simu ilinikuta kwenye gurudumu. Nilipofika Dzaleka, alikuwa ameshafunikwa.

Tulimzika siku ya pili, na watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, kwaya nzima, na wale waliomwita mchoyo, na wale waliomwita mvivu. Wanawake waliingia jikoni, wakapika chai, wakatoa vyombo vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba. Nilikaa mkekani, nimejifunga kitenge kichwani, na katikati ya kilio nikakumbuka kikombe. Nilikitaka. Sikutaka kitenge chake wala Biblia yake. Nilitaka kikombe kile chenye uzi, kisiguswe na mtu, niweke mdomo wangu pale ulipokuwa wake. Nikainuka, nikaenda jikoni.

Mama mshonaji alikuwa anaosha vyombo kwenye beseni. Nikamwuliza kikombe chenye uzi kiko wapi.

“Uzi nilikata,” alisema.

“Kwa nini ulikata?”

Alifuta mikono kwenye nguo, akanitazama vizuri.

“Ile uzi alikuja kuomba kwangu, mwanangu. Njo nilimupatia. Mi nilijuaka tangu zamani. Kila siku ya soko mama yako alikuwa anapiga vyungu na kidole, kimoja kimoja, mpaka bauzaji bananuna. Kule kwetu Bukavu tuliona bale bantu. Nilijua. Nilikuwa nangojea aseme yeye mwenyewe, nimuambie haina maneno. Hakusema.”

“Na wewe hukusema.”

“Hapana,” alisema. “Na mi sikusema.”

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia pia. Miaka yote ile walikaa meza moja, mmoja anaficha na mwingine anajua anachofichwa, na kila mmoja alidhani anamtunza mwenzake. Akainama kwenye beseni, akaendelea kuosha.

Nikarudi uwanjani. Vikombe vyangu vyote vilikuwa mikononi mwa watu. Nilizunguka kati ya waombolezaji, nikaomba hiki, nikakigeuza, nikakirudisha, nikaomba kile. Watu walinipisha, wakadhani huzuni imenichanganya akili. Nilitafuta mkwaruzo, tofauti ya rangi, fundo la uzi lililobaki, chochote. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimevifananisha mno.

Mzee mmoja wa kwaya alikuwa amemaliza chai yake, akampa jirani yake kikombe, naye akakijaza tena bila kukisuuza, akanywa. Pengine kilikuwa kile. Nilikaa chini karibu nao, mtu akanipa kikombe na mimi, cha moto, nikanywa.